Tufike Wote: Maandalizi ya Safari ya Baiskeli kutoka Mombo hadi Kwetu

(Maneno yaliyosemwa na Mweka Hazina Msaidizi katika mkutano wa wanachama waishio Dar es Salaam)



Katibu amenipa dakika ishirini nizungumzie maandalizi ya safari yetu ya baiskeli ya mwezi wa tisa. Ameniomba pia nisiigeuze mada kuwa taarifa ya mapato na matumizi. Nitajitahidi, lakini mtanisamehe, kwa sababu fedha na usalama katika safari hii ni jambo moja, na mbele kidogo mtaona kwa nini nasema hivyo.

Wote mnajua tunachochangia. Nyumba ya akina mama wajawazito kusubiri kujifungua, pale jirani na kituo chetu cha afya, imefika kwenye lenta. Kilichobaki ni paa, milango, madirisha, tangi la maji na vitanda. Mama anayetoka vitongoji vya mbali akipata uchungu usiku wa mvua, anapakiwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili na kupitishwa kwenye utelezi na makorongo. Nyumba ile ikikamilika, atakuja siku kadhaa kabla, alale hapo, asubiri kwa utulivu. Njia tutakayopita sisi kwa baiskeli ndiyo hiyo hiyo anayopita yeye. Sisi tutaipita wakati wa kiangazi, mchana, tukiwa na gari nyuma yetu.

Sasa tuitazame njia yenyewe, maana wengi wetu tumezoea kuiona kupitia dirisha la basi huku tunasinzia.

Siku ya kwanza, Jumamosi, ni Mombo hadi Lushoto, kilomita zipatazo 33, zote lami. Mtu akisikia 33 anacheka. Hapa Dar atakuambia hiyo ni kwenda Bunju na kurudi. Lakini kutoka joto la Mombo hadi Lushoto mjini unapanda karibu mita 1,000. Kipande cha kwanza, hadi Soni, ndicho kitakachowashitua watu. Barabara ni nyembamba, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde, kona zimefungana, na Fuso za kabichi na viazi zinateremka zikiwahi soko la Dar. Ukifika Soni pumzika, tazama maporomoko, kunywa chai. Baada ya hapo mlima unakuwa na huruma kidogo.

Siku ya pili ndiyo safari yenyewe. Tunatoka Lushoto asubuhi, tunapanda Magamba, tunaingia msituni kwenye ukungu na ubaridi, kisha tunashika njia ya Malindi na Lukozi kuelekea huko kwetu. Ni kilomita hamsini na ushee. Kwa siku zote mbili tunapata kama 85. Huko mbele lami ni ya kuonjeshwa. Utakuta udongo mwekundu uliokauka na kuacha mifereji ya matairi ya malori, utakuta kokoto zilizomwagwa na hazikushindiliwa, utakuta matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia, na kwenye vivuli vya msitu utakuta matope hata kama mvua haijanyesha wiki nzima. Na usidhani ukishafika juu umemaliza kupanda. Njia ile inapanda na kushuka, inashuka na kupanda tena, kama mtu anayebishana na nafsi yake.

Kwa njia ya namna hii, jambo la kwanza ninalowaomba mlifikirie ni matairi.

Baiskeli nyingi za mtumba zinazouzwa hapa mjini zenye gia nyingi zinafaa kabisa kwa safari yetu. Zile nyembamba za mashindano, zenye matairi ya upana wa kidole, zitakwenda vizuri sana hadi Lushoto, kisha kesho yake zitamtesa mwenyewe. Tunataka tairi lenye upana wa milimita 40 hadi 50, lenye meno ya wastani. Meno makubwa mno yatakuchosha kwenye lami siku ya kwanza. Kipara kitakuangusha kwenye kokoto siku ya pili.

Halafu kuna suala la upepo. Watu wetu wanaamini tairi likiwa gumu kama jiwe ndiyo baiskeli inakwenda. Kwenye lami laini kuna ukweli ndani yake. Kwenye njia ya mawe, tairi gumu linadunda juu ya kila kokoto, nguvu yako inaishia kukurusha juu badala ya kukusogeza mbele, mikono inakufa ganzi, na kwenye kona linateleza. Kwa mtu wa kilo 75 hivi, mwenye tairi la upana niliousema, kipimo cha kati ya 30 na 40 kwenye geji ya pampu kinatosha. Mwenye mwili mkubwa aongeze kidogo. Lakini usipunguze kupita kiasi, kwa sababu tairi likiwa laini mno, ukigonga jiwe tyubu inabanwa kwenye rimu na kutoboka matundu mawili kama imeumwa na nyoka. Na tafadhali, msijaze upepo kwa mashine ya gereji ya malori. Inajaza kwa sekunde mbili na inapasua kwa tatu.

Kila mmoja aje na tyubu mbili za akiba, viraka na gundi yake, vyuma vya kubandulia tairi, na pampu ya mkono. Pale Mombo, pembeni mwa lami, miiba ni mingi. Ukipata pancha, kabla ya kuweka tyubu mpya pitisha vidole taratibu ndani ya tairi utafute mwiba, maana ukiuacha unatoboa na hiyo mpya. Hili kila fundi wa chini ya mwembe analijua, lakini wasomi tunalisahau tukiwa na haraka.

Gia. Ninachokiangalia mimi ni gia ndogo kabisa: meno ya mbele yasizidi meno ya sahani kubwa ya nyuma. Ukiwa na 34 mbele na 34 nyuma, pedali ikizunguka mara moja na gurudumu linazunguka mara moja, na hapo utaweza kupanda Soni ukiwa umekaa. Ukisimama kwenye pedali juu ya kokoto, tairi la nyuma linakosa uzito na kuzunguka bure. Kwa hiyo kaa, inama kidogo mbele, zungusha miguu upesi upesi kwa gia nyepesi. Goti la mtu wa miaka arobaini na kitu halipendi gia nzito, nasema kwa niaba ya magoti ya rika langu.

Breki nazo. Mipira iliyolika ibadilishwe kabla ya safari, na waya zilizochakaa zitupwe. Kwenye mteremko mrefu usishike breki mfululizo kutoka juu hadi chini, kwa kuwa rimu inapata moto. Shika, achia, shika, achia, kwa mikono yote miwili, na punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Kwenye vumbi macho yaangalie unakotaka kupita. Ukilikodolea jiwe macho, utaligonga.

Kuna vijana wetu wa nyumbani watakaotupokea Lushoto na kuendesha nasi siku ya pili. Wengi wana baiskeli za kawaida aina ya Phoenix, zisizo na gia, zile wanazobebea viazi na kuni. Nimesikia pendekezo kwamba wao wawe wasaidizi wa kutubebea mizigo. Mimi silipendi. Ni waendeshaji kama sisi, wanaijua kila kona, na kwa maoni yangu wao ndio waongoze kundi. Ila breki zao za vyuma hazitoshi kwa miteremko ya Magamba wakiwa mbio, na wao wenyewe wanalijua hilo. Ndiyo maana huwa wanashuka na kukokota. Tukifika mahali hapo, na sisi tupunguze mwendo. Asiachwe mtu.

Tuje kwenye miili yetu. Kwanza kapimeni presha na sukari. Sisemi hivi kwa utani. Wengi wetu tunakaa ofisini saa tisa kwa siku, chakula cha mchana ni wali wa kuagiza, na zoezi pekee ni kupanda ngazi umeme ukikatika. Kabla ya kuanza mazoezi nenda kituo chochote cha afya, pima, na ukiwa na dawa unazotumia muulize daktari. Atakayekuwa na maumivu ya kifua au kizunguzungu wakati wa mazoezi aache mara moja, akaonwe. Orodha yetu ina sehemu ya watakaopanda gari la huduma, kupika na kupokea wageni, na hiyo nayo ni kazi ya safari.

Zimebaki wiki kumi. Kwa anayeanza leo zinatosha, kama hatapoteza nne za kwanza akisubiri kununua kofia. Endesha mara tatu kwa wiki: mara mbili fupi, asubuhi kabla ya magari hayajajaa, na mara moja ndefu Jumamosi au Jumapili. Ile ndefu ianze na kilomita 25 na iongezeke kidogo kidogo kila wiki hadi ifike 60. Kila wiki ya nne punguza, mwili upone. Mwendo uwe ule wa kuweza kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa kuongea, unakimbia, polepole.

Shida ya Dar ni utambarare. Barabara ya Bagamoyo itakupa umbali lakini haitakupa mlima. Ndiyo maana tumepanga Jumamosi mbili kwa mwezi twende Pugu hadi Kisarawe. Vilima vile si Usambara, lakini ukivipanda na kuvishuka mara nne mfululizo, miguu inapata habari. Njia za vumbi zinazozunguka msitu wa Pugu zitatufundisha kokoto na mchanga. Na mara mbili kabla ya safari tuendeshe Jumamosi na Jumapili mfululizo, kwa sababu siku ya pili ndipo unapogundua kama kiti cha baiskeli kimekaa sawa. Mtu anaweza kuvumilia kiti kibaya kwa siku moja. Siku ya pili atatembea kwa miguu.

Chakula nitapita haraka, kina mama wa kamati ya huduma wanakifahamu kuliko mimi. Ndizi mbivu, kashata, viazi vitamu vya kuchemsha. Kula kidogo kila baada ya dakika 45, usisubiri njaa. Maji chupa mbili kwenye baiskeli, na gari litakuwa na mengine. Kwa wanaotoka jasho sana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ni ile ile tunayowapa watoto wanaoharisha. Na bebeni koti. Utatoka Mombo umelowa jasho, na kesho yake Magamba utatetemeka kwa ukungu. Vidole vikifa ganzi kwa baridi havishiki breki vizuri.

Kuendesha kwa kundi kuna adabu yake. Tutagawanyika makundi madogo ya watu wanane, kila moja na kiongozi mbele na mtu wa mwisho nyuma, na nafasi ya kutosha kati ya kundi na kundi ili malori yapite. Kwenye lami ya mlimani tunakwenda mstari mmoja. Tairi lako la mbele lisilale ubavuni mwa tairi la nyuma la mwenzako. Akikwepa shimo mnalala wote. Wa mbele akiona shimo anapaza sauti, na kila mmoja anairudisha nyuma: shimo! gari! mchanga! Watu wazima mwanzoni wanaona aibu kupiga kelele barabarani. Mazoezi ya Pugu yatawatoa aibu. Helmeti ni lazima, hata kwa mwenye rasta, hata kwa aliyetoka kusuka.

Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye wa mwisho. Hapa ndipo ninapofika kwenye fedha, Katibu anisamehe.

Mwaka jana tulichangisha kwa ahadi za mtu mmoja mmoja, na wafadhili wengi waliandika kwamba watatoa pesa yote mwendeshaji akifika mwisho. Wanaokumbuka wanajua kilichotokea. Ndugu yetu mmoja alishikwa na misuli kabla hata ya Lukozi. Tulimsihi apande gari. Alikataa, kwa sababu bosi wake alikuwa ameahidi kiasi kikubwa kwa masharti ya kufika, na alijua kiasi hicho ni mabati mangapi. Akaendelea kwa mguu mmoja, akaanguka kwenye mteremko, akatenguka bega. Mungu alimnusuru, kilomita chache mbele pangekuwa pabaya zaidi. Wengine tulimsifu kwa moyo wake, na moyo anao. Lakini mimi kama mhasibu nilijiuliza tumemwekea mtu bei gani.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Tuseme tuko waendeshaji 40, njia ni kilomita 85, na kwa kila kilomita ya kila mtu mfadhili anatoa shilingi 1,000. Kundi zima likifika ni kilomita 3,400, yaani shilingi 3,400,000. Sasa tuseme watu sita wamechoka au wameumia na kupanda gari zikiwa zimebaki kilomita 20. Tumepoteza kilomita 120, yaani shilingi 120,000. Gari moja la kumpeleka majeruhi kutoka kwetu hadi hospitali ya Bombo kule Tanga, mafuta, dereva, mtu wa kumsindikiza na siku za kazi zilizopotea, vinakula zaidi ya hapo, bila kuhesabu maumivu yake na wasiwasi wa mkewe.

Kwa hiyo kamati ya fedha imekubaliana, na leo tunaleta kwenu mthibitishe, kwamba mwaka huu fomu za ahadi zibadilike. Ahadi zote ni za kundi, kwa kilomita zilizoendeshwa na wote kwa pamoja. Hakuna fomu itakayosema “akifika”. Anayeishia Soni amechangia kilomita zake za Soni na anashangiliwa. Kilomita zitaandikwa na msimamizi wa kila kituo, si mwendeshaji mwenyewe, na karatasi hizo nitazibandika ubaoni pamoja na stakabadhi za benki. Mfadhili anayetaka lazima kumwekea mtu sharti la kufika, tumshukuru kwa heshima na tumwombe atoe mchango wa kawaida. Najua wapo wanaosema tutapoteza ile hamasa ya watu kushindana. Inawezekana. Mimi niko tayari kupokea kidogo zaidi kuliko kurudi kwenye mkutano huu kueleza jeneza.

Jingine dogo. Nauli ya basi hadi Mombo, malazi ya Lushoto na chakula, kila mwendeshaji atajilipia, ili shilingi ya mfadhili ifike kwenye bati bila kupitia tumboni mwetu. Baiskeli zitasafirishwa kwa Canter ya mwanachama mmoja aliyejitolea, sisi tunachangia dizeli. Kuhusu fulana zenye nembo, kila mwaka tunabishana. Msimamo wangu mnaujua. Anayeitaka ailipie.

Ukaguzi wa baiskeli ni Jumapili ya wiki ya tisa, hapa hapa uwanjani, saa mbili asubuhi. Mafundi wawili watakuwepo. Wataangalia breki, matairi, mnyororo, spoku zilizolegea na nati za magurudumu. Itakayokataliwa ina wiki nzima ya kutengenezwa. Isiyoletwa kwenye ukaguzi haitapakiwa kwenye Canter, hata kama mwenyewe ni Mwenyekiti. Fomu mpya za ahadi zipo mezani kwa dada mhifadhi vitabu. Chukueni kumi kumi, na wanaokwenda Pugu Jumamosi hii waandike majina kabla ya kutoka, tunaondoka saa kumi na mbili kamili.